Askari Wenye Sura Moja

Filamu za Star Wars, ambazo Mmarekani George Lucas alizianza mwaka 1977, zimezaa katuni nyingi kuliko awezavyo kuzifuata mzazi mwenye chungu jikoni na nguo za kupiga pasi. Zipo mbili za mwaka 1985, Droids na Ewoks, ambazo hazikudumu. Ipo ile iliyochorwa chini ya uongozi wa Genndy Tartakovsky kati ya mwaka 2003 na 2005, vipande vifupi vya kupendeza macho ambavyo watu wake husema kidogo na kupigana sana. Hizo naziacha. Zilizonishughulisha ni tatu: The Clone Wars iliyoanza mwaka 2008, Rebels ya mwaka 2014 hadi 2018, na The Bad Batch ya mwaka 2021 hadi 2024. Nimezitazama na wanangu wawili, mvulana wa miaka 13 na binti wa miaka 9, kwa muda wa likizo kadhaa, na nataka kuzilinganisha kwa jambo moja tu, lile lililotufanya tusiziache njiani: nini hukumu ya askari aliyetii amri mbovu?

Msomaji asiyezijua hadithi hizi yampasa aelezwe mawili matatu. Kuna Jamhuri inayotawala sayari nyingi, na kuna vita. Jamhuri haikuwa na jeshi. Lakini katika sayari ya bahari iitwayo Kamino, wataalamu wamezalisha askari kwa maelfu kutokana na mwili wa mtu mmoja, mwindaji wa kukodishwa aitwaye Jango Fett. Askari hao, makloni, wana sura yake na sauti yake. Wamefanywa wakue haraka maradufu ya mtu wa kawaida, na wamefanywa wawe watiifu. Wanaowaongoza vitani ni Wajedi, wapiganaji wa panga za mwanga. Kisha, katika filamu ya mwaka 2005, mkuu wa Jamhuri, ambaye kumbe ndiye adui mwenyewe, anatoa amri inayoitwa Amri ya 66, na palepale askari wanawageuzia bunduki viongozi wao. Filamu inalimaliza tukio hilo kwa dakika chache. Tunawalilia Wajedi, askari ni kofia nyeupe tu, hakuna anayeuliza ndani ya kofia mlikuwa na nani.

Katuni ndizo zilizowavua kofia. Mama mkwe wangu, ambaye hukaa pembeni akidarizi kofia za kiume huku akijifanya hatazami, aliuliza usiku wa kwanza: "Huyu si yule aliyekufa jana?" Lilikuwa swali la haki. Katika katuni zote tatu karibu makloni wote wanasemwa na mtu mmoja, Dee Bradley Baker, na kazi yake ni ya ajabu, kwani baada ya siku chache bibi huyu asiyejua Kiingereza aliweza kuwatenganisha kwa sauti kabla mjukuu wake hajamtafsiria. Rex ana nywele za rangi ya dhahabu zilizonyolewa karibu na ngozi. Jesse amejichora usoni nembo ya Jamhuri. Fives amejichora tarakimu ya tano kwenye panja. Wametoka kwenye chupa za maabara wakiwa wamepewa namba, wakajipa majina wenyewe.

The Clone Wars ndiyo ndefu kuliko zote, na ndiyo isiyo na mizani. Ina sehemu 133. Ilianzia katika Cartoon Network, ikakatishwa mwaka 2013 baada ya kampuni ya Lucas kununuliwa na Disney, ikatoa msimu mmoja kupitia Netflix mwaka 2014, kisha ikarudi kumaliziwa mwaka 2020. Misimu ya mwanzo ina mizaha ya roboti ambayo mtoto wa miaka 9 huicheka na mama yake huenda kuangalia mchele. Sitamlaumu mtu atakayeiacha hapo. Lakini ukifika msimu wa nne, katika sehemu nne zinazosimulia vita vya sayari ya giza iitwayo Umbara, unaona watunzi wameacha kuchezea.

Huko Umbara, Rex na kikosi chake wanapewa kamanda mpya, Mjedi mwenye mikono minne aitwaye Pong Krell, ambaye hawaiti askari kwa majina bali kwa namba. Amri zake zinawaua bure. Fives na Jesse wanapoivunja moja ili kuokoa wenzao, Krell anaamuru wapigwe risasi. Askari mmoja kijana, Dogma, anayeamini kwamba amri ni amri, ndiye anayesimamia kikosi cha kuwaua. Anatamka neno la kufyatua. Bunduki zinalia, moshi unatoka, na wale wawili bado wamesimama: wenzao wote wamelenga pembeni kwa makusudi, kisha wanaweka silaha chini. Baada ya hapo Krell anawatuma gizani wakapigane na maadui aliodai kwamba wamevaa sare za makloni. Wanapigana, wanaua, mpaka mmoja anamvua kofia maiti na kuikuta sura yake mwenyewe.

Mwanangu alisimamisha picha hapo, na kwa muda hakuna aliyesema neno.

Naitaja Umbara kwa urefu kwa sababu ndiyo iliyowabana watunzi wenyewe. Ukishatuonyesha askari wanaoweza kukataa, utatueleza vipi kwamba baadaye askari haohao watatii Amri ya 66 bila kupepesa jicho? Jibu lilikuja katika msimu wa sita. Askari Tup anampiga risasi Mjedi katikati ya mapambano na hakumbuki alichofanya. Fives anachunguza, na anagundua kwamba kila kloni amepandikizwa chipu ndani ya ubongo tangu akiwa mimba ya maabara. Anasingiziwa kutaka kumuua mkuu wa Jamhuri, anawindwa kama mnyama, na anakufa mikononi mwa Rex kabla hajaaminiwa.

Kama hadithi, chipu ni jibu la werevu, nami nakiri lilinipa nafuu, maana nilikwisha kuwapenda vijana wale. Kama jibu la swali letu, lina upungufu. Mtu ambaye mkono wake umesukumwa na kitu kilichomo ndani ya fuvu, asichokijua wala kukiridhia, hana hesabu ya kutoa. Mama mkwe alilikata shauri hilo bila kuinua macho kwenye sindano: "Aliyelazimishwa hahukumiwi kama aliyetaka." Basi ikiwa wote walilazimishwa, swali limekufa, na Umbara ilikuwa kazi bure.

Lakini sehemu nne za mwisho, zile za mwaka 2020, zinaikataa nafuu hiyo kwa njia ya picha. Ahsoka, binti aliyekulia vitani pamoja na askari hawa na baadaye akaondoka kwa Wajedi, amerudi kuwaongoza kwa mara ya mwisho. Kwa kumpenda, wamepaka kofia zao rangi za uso wake. Kisha amri inakuja, na wanamwinda ndani ya chombo wakiwa wamevaa sura yake vichwani. Anayewaongoza ni Jesse, yuleyule aliyenusurika Umbara kwa sababu wenzake walikataa kufyatua. Ahsoka anafaulu kumtoa Rex chipu, na tangu hapo anakataa kumuua yeyote kati ya wale wanaotaka kumuua. Chombo kinaanguka. Yeye na Rex wanawazika askari wote, na juu ya kila kaburi wanachomeka mti wenye kofia. Hatuambiwi kama walisamehewa. Tunaonyeshwa kwamba walizikwa, kila mmoja na kofia yake, na aliyewazika ni yule waliyekuwa wakimwinda.

Rebels inaanza takriban miaka 14 baada ya hapo. Jamhuri imegeuka Dola ya mabavu, na watu wachache katika chombo kimoja wanaipinga: mvulana yatima Ezra, Hera mwenye chombo, Sabine, Zeb, na Kanan, Mjedi aliyejificha tangu utotoni. Ni katuni yenye umbo zuri kuliko zile nyingine mbili. Ina misimu minne tu, inajua inakokwenda, na mandhari yake yamefuata michoro ya kale ya Ralph McQuarrie, mchoraji aliyezipa filamu za kwanza sura yake. Baadhi ya vijana huidharau kwa kuwa nyuso zake ni laini na panga zake nyembamba. Hayo ni mambo ya macho.

Katika msimu wa pili wanamkuta Rex jangwani, mzee mwenye kitambi na ndevu nyeupe, akiishi na wenzake Wolffe na Gregor ndani ya mtambo mkuukuu wa kivita waliougeuza nyumba. Umri wake wa miaka haujafikia thelathini. Ndiyo ile kazi ya kukuzwa maradufu. Hapa swali linageuzwa upande wa pili, wa aliyedhulumiwa. Kanan alimshuhudia mwalimu wake, Depa Billaba, akiuawa na askari wenye sura hii hii. Anaambiwa kwamba wazee hawa walijitoa chipu. Anasikia, akili yake inakubali, na mkono wake unakataa kushuka kwenye upanga. Hoja haimponyi. Kinachomponya, nusu kwa nusu, ni siku: safari baada ya safari, kutukanana, kisha ile ambayo Rex anabaki nyuma ili wengine watoroke, na Kanan ndiye anayerudi kumtoa kwenye mateso. Sijui katuni nyingine ya watoto iliyothubutu kusema kwamba mtu anaweza kuwa hana hatia na bado yule aliyeumizwa asiweze kumtazama.

Kuna na Kallus. Huyu ni mtu wa kuzaliwa na mama, ofisa wa usalama wa Dola, hana chipu wala kisingizio. Alishiriki katika maangamizi ya watu wa Zeb, na alijivunia. Usiku mmoja wanakwama wawili hao, yeye na Zeb, katika mwezi wa barafu, Kallus akiwa amevunjika mguu, na inawabidi wapande pamoja ili waishi. Asubuhi Zeb anapokewa na rafiki zake kwa kukumbatiwa. Kallus anachukuliwa na watu wake, anachechemea peke yake hadi chumbani, na mkuu wake hata hamwangalii. Anakaa kitandani, ameshika jiwe lenye joto alilopewa na Zeb. Hakuna hotuba. Kutoka pale anaanza kuwapelekea waasi habari za siri, kwa hatari ya roho yake.

Sasa niseme habari ya nyumbani, kwa kuwa bila hiyo nisingeandika makala hii. Katika siku zile tulipokuwa kati ya Umbara na mwisho wa The Clone Wars, iliniijia habari kutoka shuleni kwamba mwanangu na wenzake wawili walimwagia maji daftari zote za mtoto mgeni wa darasa lao, kwa kuagizwa na mwanafunzi mkubwa wanayemwogopa. Nilipomuuliza alijibu neno moja: "Niliambiwa, Mama." Nilimweleza niliyopaswa kumweleza, baba yake naye akaongeza yake, na kijana akanyamaza kama wanavyonyamaza vijana. Juma lililofuata, chipu ilipogunduliwa, alifurahi kupita kiasi. "Unaona? Haikuwa kosa lao!" Bibi yake akamwita karibu, akampapasa kichwa kwa vidole vyenye uzi, huku na huku, kama anayetafuta chawa. "Natafuta chipu, mume wangu," akasema. "Siioni." Dada yake alicheka hadi akakohoa. Yeye hakucheka.

Kwa hiyo tulipoanza The Bad Batch tulikuwa na mtazamaji mmoja mwenye kesi mahakamani.

Katuni hii inafuata kikosi cha makloni waliozaliwa na kasoro zenye manufaa: Hunter mwenye hisi kali, Wrecker mwenye nguvu, Tech mwenye akili, Echo aliyeungwa vyuma baada ya kuwa mateka, na Crosshair, mlenga shabaha asiyekosa. Pamoja nao yumo Omega, msichana mdogo aliyetoka kwenye mbegu ileile. Inaanza siku ya Amri ya 66 yenyewe, na mtoto anayekimbia baada ya Depa Billaba kuuawa ni Kanan wa Rebels. Hunter anamwachia apite. Crosshair anamfyatulia risasi. Kilichokuwa kumbukumbu katika katuni moja kinakuwa tukio mbele ya macho katika nyingine, na ndipo unaona faida ya kuzitazama zote.

Kwa ufundi wa picha ndiyo bora ya zote tatu. Mvua ya Kamino karibu uifute usoni. Kwa usimulizi ni mvivu. Kati ya sehemu zake 47 zipo nyingi ambazo kikosi kinatumwa kuleta kitu, kinakileta, basi. Ila kila inapomrudia Crosshair inaamka. Mwanzoni chipu inamtawala, na Dola inaiongezea nguvu kwa mitambo, naye anawaua raia wakimbizi. Mwishoni mwa msimu wa kwanza anawaambia ndugu zake kwamba chipu ilikwisha kuondolewa. Lini? Hasemi. Na hapo ndipo mwanangu aliponyanyuka kitini. "Amwambie siku! Lazima aseme siku gani!" Alikuwa ameelewa peke yake kwamba hesabu ya mtu huyu inaanzia siku ile, na kwamba anaificha kwa sababu anaijua.

Sehemu niliyoipenda zaidi inamhusu Wrecker. Chipu yake inaamka kwa ghafla, naye anawashambulia ndugu zake na kumfukuzia Omega gizani ndani ya mabaki ya meli ya vita. Wanafanikiwa kumlaza na kuitoa. Kwa hoja ya bibi yetu, Wrecker hana deni. Lakini anapozinduka jambo la kwanza ni kumwomba Omega radhi, jitu zima lile, sauti imemtoka kidogo kama ya mtoto. Omega anakaa pembeni yake na kumshirikisha kitafunwa walichozoea kula wakirudi kazini. Hakumwambia "hukuwa wewe". Alikula naye.

Usiku ule mwanangu hakusema kitu. Siku mbili baadaye nilimkuta mezani na daftari ambazo si zake, ananakili somo la jiografia kwa mwandiko mzuri kuliko anaoutumia kwenye daftari zake mwenyewe. Nilipita kwenda jikoni.

Crosshair njia yake ni ndefu zaidi. Katika kituo cha barafu anamburuta mgongoni kamanda aliyeumia, kloni aitwaye Mayday, mwendo wa mateso hadi kambini, na ofisa wa Dola anakataa kumtibu kwa kuwa kloni ni mali iliyochakaa. Mayday anakufa. Crosshair anamuua ofisa yule. Watazamaji wengi wanaihesabu kuwa ndiyo toba yake. Mimi naona ilikuwa hasira, tena hasira ya mtu aliyegundua kwamba yeye naye ni mali. Toba naiona katika msimu wa tatu, pale mkono wake wa kulenga unapoanza kutetemeka na hataki mtu auone, na pale kloni mwenzake, Howzer, anapokataa kumwamini naye hajitetei. Mwishoni mkono ule unakatwa. Risasi ya maamuzi anaipiga kwa mkono wa pili, polepole, Omega akiwa amemwamini kiasi cha kusimama katika mstari wa shabaha.

Mzazi akiniuliza aanze na ipi, nitamwambia Rebels, kwa mtoto wa miaka 9 au 10, na akae naye. The Clone Wars ina mateso na vifo vya karibu. Binti yangu nilimtoa chumbani mara tatu, mara mbili alirudi na kuchungulia mlangoni. The Bad Batch haieleweki vizuri bila zile mbili. Wala asitegemee kutazama huku anafanya kazi nyingine, kwa sababu maswali yatakuja, na hayangojei mchele uive.

Binti amebaki na lake. Katika msimu wa pili wa The Bad Batch, Cody, kamanda yuleyule ambaye katika filamu ya mwaka 2005 aliamuru kiongozi wake apigwe mzinga, anatumwa na Crosshair kwenda kumkomboa gavana wa Dola aliyetekwa. Cody anamshawishi kiongozi wa sayari ile amwachie mateka kwa ahadi ya amani. Mateka anaachiwa, na papo hapo anaamuru mwanamke yule auawe. Cody anasita. Crosshair anafyatua. Baadaye Cody anamwambia mwenzake kwamba wao si kama roboti, wanaamua wenyewe, na kila mmoja ataishi na alichoamua. Kesho yake anaulizwa yuko wapi, na jibu ni kwamba ametoroka jeshini. Hatukuonyeshwa alikokwenda, wala katuni haikumrudia tena hadi ilipokwisha. Kila tukizima taa binti huuliza kama sasa amefika, na kama huko aliko anaye mtu wa kula naye.